Mbio za timu za matanga: namna ya kuprotesti na namna marefa wanavyotakiwa kuamua

Haya, naandika hii mara moja ili nikiulizwa tena niwe natuma hii hii. Wengi wanaoniuliza ni vijana wetu walioko vyuo vya Uingereza, wamejiunga na klabu ya matanga, wamezoea zile mbio za kila mtu na lake, ghafla wanawekwa kwenye timu ya boti tatu dhidi ya tatu na nyuma yao kuna boti ya injini yenye watu wawili wameshika bendera. Maswali ni yale yale. Nimefanyiwa faulo, refa yuko pale pale kaona kwa macho yake, mbona kanyamaza? Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, mbona kanionyesha kijani, yaani hakuna penalti? Mwenzangu wa timu kanigusa kidogo tu, mbona tumeadhibiwa na hakuna aliyelalamika?

Majibu yote yanatoka sehemu moja. Protesti kwenye mbio za timu siyo kumpelekea refa mashtaka, ni kumwambia mwenzako "umekosea, lipa", na yeye anapewa nafasi ya kulipa kwa bei ndogo, yaani kuzungusha boti mzunguko mmoja. Refa anaingia pale mliposhindwa kumalizana wenyewe, na akiingia bei inapanda inakuwa mizunguko miwili. Ukilielewa hili utaratibu wote unakaa sawa kichwani, usipolielewa utakuwa unagombana na marefa msimu mzima.

Hesabu kidogo tu, halafu tunaanza. Kwenye tatu kwa tatu kila boti inapata pointi kulingana na nafasi yake, wa kwanza 1, wa mwisho 6, jumla yote ni 21, na timu yenye pointi chache ndo inashinda. Kwa hiyo ukiwa na 10 au pungufu umeshinda. Timu yenye nafasi ya 1, 4 na 5 ina 10, imeshinda, ila imeshinda kwa uzi mwembamba kweli: yule wa nne akipigwa penalti akaangukia wa sita, timu inakuwa 1, 4 na 6, jumla 11, imeshindwa. Mbio zenyewe ni za dakika kama kumi hivi, hamna muda wa kurudi. Ndo maana watu wanabanana, wanasubiriana, wanazuiana ili mwenzao apite, na ndo maana faulo ni nyingi kuliko mbio za kawaida.

Maneno nitakayotumia: kubisha ni kugeuza boti huku omo ikipita kwenye upepo, kugeuza kwa tezi ni pale upepo unapita nyuma. Omo ni mbele ya boti, tezi ni nyuma. Joshini ni upande upepo unakotoka, demanini ni upande unakoelekea. Kushikana ubavu ni pale boti mbili ziko sambamba hata kwa sehemu tu, kutangulia wazi ni kuwa mbele kabisa bila kushikana. Nahodha ndo anayeendesha, baharia ni mwenzake ndani ya boti.

KABLA HUJAINGIA MAJINI

Kuwa na hivi vitu, na usiseme utaazima huko huko:

- Bendera nyekundu, yako mwenyewe, ndani ya mfuko wa jaketi la kuokolea au imefungwa sehemu ambayo baharia wako anaifikia bila kuinama. Mashindano mengi mnabadilishana boti kila baada ya mbio, ukitegemea bendera iliyoachwa na waliotoka utaikosa siku unayoihitaji.
- Bendera ya njano, kama mashindano yenu yanatumia mfumo wa bendera mbili (nitaeleza chini).
- Maelekezo ya mbio, yale makaratasi ya waandaaji. Tafuta mambo matatu tu: kuna marefa kamili, marefa nusu, au hakuna? Ni bendera moja au mbili? Kama kuna kusikilizwa kesi, unamwarifu nani ukimaliza na unaenda wapi?
- Kitabu cha kanuni cha World Sailing, shirikisho la dunia la matanga, cha 2025 hadi 2028. Soma Sehemu ya 2, kurasa chache tu, halafu Kiambatisho D ambacho ndo cha mbio za timu. Pia World Sailing wana kitabu cha maamuzi ya mbio za timu kwenye tovuti yao, bure, kina michoro ya hali moja moja na jibu la refa. Hicho ni dhahabu.
- Kanuni nne kichwani, uzijue hata ukiamshwa usiku: mwenye upepo unaoingia kushoto ampishe mwenye upepo unaoingia kulia, mkiwa upepo upande mmoja na mmeshikana ubavu, wa joshini ampishe wa demanini, aliye nyuma ampishe aliye mbele, anayebisha ampishe asiyebisha. Halafu juu ya zote, usigonge kama unaweza kukwepa.

Kwa wanaoandaa: boti mbili za injini kwa kila mbio ya tatu kwa tatu, marefa wawili ndani ya kila moja, bendera ya kijani na nyeupe, nyekundu, nyeusi na njano, filimbi yenye mlio mrefu unaosikika kwenye upepo. Na timu zitofautishwe kwa rangi zinazoonekana kwa mbali, namba ndogo pekee haitoshi manake refa anatakiwa kuitaja boti bila kusita.

HATUA ZA ANAYEPROTESTI

1. Jiulize kama unahusika. Kwa kanuni za Sehemu ya 2, yaani za nani apishe nani, unaruhusiwa kuprotesti tukio ulilokuwemo wewe. Umeona wenzako wawili wamefanyiana faulo mita hamsini mbele, hilo siyo lako, mwachie mwenzako aliyefanyiwa. Kuna nafasi moja tu watu hawaijui: kama boti mbili za timu pinzani zimegusana zenyewe kwa zenyewe, wewe unaweza kuprotesti hata kama hukuwepo kwenye tukio. Iweke akilini, kwenye boya lenye msongamano inatokea sana.

2. Paza sauti: "Protest!" Neno ni hilo hilo la Kiingereza, popote duniani. Siyo "oya!", siyo "unanigonga!", siyo "upepo kulia!". Kumwambia una haki ni sawa, inasaidia asikugonge, lakini siyo protesti. Na useme pale pale, ndani ya pumzi ile ile. Ukikaa ukafikiria, ukamuuliza baharia "hivi ile ilikuwa faulo?", ukakubaliana naye, ndo ukapaza sauti, umeshachelewa.

3. Toa bendera nyekundu ionekane. Kazi hii ni ya baharia siyo nahodha, nahodha ameshika kana (mpini wa usukani) na kamba. Iinue juu, upande boti ya marefa ilipo, isijifiche nyuma ya tanga.

Angalia sana hapa: kwenye mbio za kawaida boti fupi kuliko mita 6 hailazimiki kuonyesha bendera, inatosha kupaza sauti. Sasa hizi dingi (boti ndogo za matanga) tunazotumia mbio za timu, Firefly ina mita 3.66, 420 ina mita 4.2, zote ni fupi, kwa hiyo watu wanakuja na mazoea yao kwamba sauti inatosha. Mbio za timu zenye marefa haitoshi. Bila bendera hakuna protesti, hata kama umegongwa katikati ya ubavu na kila mtu ameona.

4. Endelea kushindana. Hili ndo gumu kuliko yote. Umeshasema, umeshaonyesha, sasa mwache mwenzako aamue. Usimgeukie kumwelezea kanuni namba ngapi, usimwangalie refa, angalia tanga lako. Nimeona timu nzuri kabisa zikipoteza nafasi mbili kwa sababu nahodha alikuwa anabishana wakati boti yake imesimama.

5. Kama ni mfumo wa bendera mbili na mwenzako hajalipa, inua ya njano na useme "Umpire!". Hapo ndo unaomba uamuzi. Mfumo huu unatumika pale tu maelekezo ya mbio yamesema, na uzuri wake ni kwamba unakuacha na nafasi ya kughairi: umeprotesti, ukafikiria, ukaona mh, hii naweza kugeuziwa mimi, basi huinui ya njano. Ila usiruke hatua. Ukimwita refa bila kupitia nyekundu kwanza, anatakiwa kukuonyesha kijani hata kama ulikuwa na haki.

Kwenye mfumo wa bendera moja huna haja ya kuita, mwenzako asipolipa refa anaamua mwenyewe.

6. Ukishapata ishara, kunja bendera uirudishe mahali pake. Itahitajika tena kabla ya boya linalofuata.

HATUA ZA ALIYEPROTESTIWA

7. Amua haraka, na amua kwa ukweli. Unajua kama ulikosea, mara nyingi unajua. Mzunguko mmoja ukiufanya mapema unakutoa kwenye tatizo lote, ukisubiri refa ni miwili. Hapa ndo mahali mbio za timu zinapowajua watu: mchezo huu hauna refa wa kutosha duniani kuona kila kitu, unaenda kwa sababu mtu aliyekosea anainua mkono. Timu zenye heshima huko wanakocheza sana, zinakuwa na maneno ya kukubaliana kabisa, baharia akisema "yetu" nahodha haulizi, anazunguka.

8. Onyesha kwamba utalipa. Inua mkono, sema kwa sauti unazunguka. Hii inakupa muda wa kutoka kwenye msongamano, refa akiona umeahidi anasubiri. Lakini ukishaahidi umeahidi. Huwezi kuinua mkono halafu ukaona mwanya mzuri ukaendelea zako, au ukabadili mawazo kwamba hukukosea. Refa ana ruhusa ya kukuadhibu kwa hilo peke yake bila mtu kuomba.

9. Toka pembeni, halafu zunguka. Mzunguko mmoja ni kubisha mara moja na kugeuza kwa tezi mara moja, kwa upande ule ule. Miwili ni hivyo hivyo mara mbili, mfululizo, upande huo huo. Ukiwa unazunguka wewe huna haki yoyote, unapisha wote ambao hawazunguki. Kwa hiyo ukizunguka katikati ya boti nyingine ili kuwahi utafanya faulo ya pili ukiwa unalipa ya kwanza.

10. Karibu na mstari wa kumalizia, ukizungukia pale pale hakikisha ukimaliza mzunguko boti yako yote imerudi upande wa kozi, halafu ndo uvuke. Ukivuka mstari katikati ya mzunguko hujamaliza mbio na hujalipa.

Kosa la kawaida: kufikiri kwamba ukizunguka hadithi imeisha hata kama timu yako imefaidika. Hapana. Tuseme uko wa pili, ukamzuia mtu kwa faulo ya makusudi, wenzako wawili wakapita, wewe ukazunguka kimoja kwa raha zako. Refa anaweza kuongeza mizunguko, manake timu imefaidika licha ya kulipa. Na anaweza kulipeleka kwenye kamati ya protesti, wale wanaosikiliza kesi nchi kavu.

HATUA ZA MAREFA

Sehemu hii waisome pia wachezaji, manake ukijua refa anaangalia nini huwezi kumshangaa.

11. Kaeni mahali pa kuona. Boti moja ya marefa inabaki na wa mbele, nyingine na wa nyuma, na mnabadilishana kadri boti zinavyojikusanya. Kwenye boya fikeni kabla yao. Eneo la boya, yaani sehemu ya kulizunguka boya ambapo kanuni ya nani apewe nafasi ya kupita inaanza kazi, kwenye mbio za timu ni urefu wa boti mara mbili, siyo tatu kama mbio za kawaida, kwa Firefly ni kama mita 7.3, kwa 420 ni 8.4. Kama uko nyuma yao huwezi kujua omo ya kwanza iliingia lini, inabidi ukae ubavuni. Na chungeni mawimbi ya injini yenu, dingi nyepesi kwenye upepo mdogo inasimama kwa wimbi la boti ya refa na hilo ni kuharibu mbio za watu.

12. Ongeeni muda wote. Marefa wawili kwenye boti moja hawakai kimya. Kila mmoja anachukua boti yake anaisemea kama vile ndo anayeiendesha: "Niko upepo wa kulia, nina haki." "Niko wa kushoto, nakuja, bado mbali, nabisha... nabisha... nimemaliza." "Nabadilisha mwelekeo." "Nafasi ninayo, nakwepa." Tukio likitokea hakuna kuanza kukumbuka, jibu lilishasemwa kabla ya bendera kutoka.

Nichukue moja kwa karibu. Boya la tatu, boti zinakuja na upepo nyuma, bluu iko nje, nyeupe iko ndani kidogo nyuma. Refa wa bluu: "Natangulia wazi, natangulia wazi." Refa wa nyeupe: "Nakukaribia, bado sijakushika." Kisha bluu anageuza kidogo kuelekea boyani: "Sasa?" Mwenzake: "Sina uhakika." "Eneo!" Bluu ameingia. Nyeupe anachomeka omo ndani, anapaza sauti, bendera juu. Marefa wanaamuaje? Mara ya mwisho walipokuwa na hakika, bluu alikuwa ametangulia wazi. Hali inahesabiwa haijabadilika mpaka uwe na hakika imebadilika. Kwa hiyo nyeupe hakushika ubavu, nafasi ya boya ni ya bluu, na nyeupe aliyejichomeka ndo mwenye kosa. Nyeupe aliyeprotesti ndo anazunguka mara mbili. Wengi wanakasirika hapa, lakini bila kanuni hii kila refa angekuwa anabahatisha.

13. Subirini. Bendera nyekundu ya boti ikipanda, wapeni muda wa kujibu. Refa anayeruka na penalti sekunde hiyo hiyo amemnyang'anya mtu haki ya kulipa kimoja. Na refa anayesubiri mpaka boya linalofuata ameharibu zaidi, manake timu nzima inapanga mchezo wake ikisubiri bendera yake. Mkiona hakuna aliyeinua mkono, hakuna anayejiandaa kuzunguka, amueni.

14. Amueni nyote wawili. Mkikubaliana kuna kosa, ni nyekundu. Mmoja ana wasiwasi, au hamkuona vizuri, ni kijani. Hamna kubahatisha na hamna kufidia kwamba mbio iliyopita tuliwaonea hawa.

15. Toeni ishara pamoja na mlio mmoja mrefu wa filimbi:
- Kijani na nyeupe: hakuna penalti.
- Nyekundu: kuna penalti, na mnaitaja boti kwa sauti au kwa kunyoosha mkono. Inazunguka mara mbili.
- Nyeusi: marefa wanalipeleka tukio kwenye kamati ya protesti.

Taja rangi na namba, halafu iangalie ile boti mpaka isikie. Kama zote mbili zimekosea na hakuna aliyelipa, zote mbili zinaweza kupigwa.

16. Jueni mnapoweza kuingilia bila kuombwa, na msizidishe. Hapa ndo jibu la lile swali la "mbona refa kaona kanyamaza". Faulo ya kawaida isiyo na kugusana, kama hamna protesti, refa hana kazi nayo hata ingekuwa mbele ya pua yake. Anaingilia mwenyewe kwenye mambo kama haya: kugusa boya, kuisukuma boti kwa kutikisa au kupiga tanga kinyume na kanuni 42, boti za timu moja kugusana, mgongano wenye uharibifu au mtu kuumia, timu kufaidika na faulo licha ya kulipa, mtu kuahidi kulipa asilipe, kukaidi penalti iliyotolewa, na utovu wa uanamichezo, ikiwemo kumtukana refa.

Hilo la timu moja naomba mlisome tena. Mkikaribiana sana na mwenzako, akakupitia mbele kinyume na kanuni, lakini hamjagusana, hakuna penalti kabisa. Mkigusana, hata kwa ncha tu, mmoja wenu afanye mzunguko mmoja, haraka, kabla refa hajasema. Msiangaliane mkidhani ni mambo ya ndani ya nyumba.

KAMA MAREFA NI WACHACHE AU HAWAPO

Kwenye mashindano makubwa kama Wilson Trophy pale West Kirby, Uingereza, ambayo yapo tangu 1949 na yanachezwa kwa Firefly kwenye lile ziwa la kando ya bahari, mbio ni nyingi mno kwa wikendi moja, ukisema kila protesti isikilizwe mezani hamtamaliza hata nusu. Ndo maana maamuzi yanatolewa majini hapo hapo. Ila mazoezini na klabu nyingi hamna watu wa kutosha, kwa hiyo:

Marefa nusu: unaprotesti vile vile. Kama marefa hawakuonyesha ishara yoyote, au wameonyesha bendera ya njano na mlio mrefu, maana yake hawajaamua, na una haki ya kusikilizwa nchi kavu. Usiiondoe bendera yako, malizia nayo, mwarifu mtu aliyetajwa kwenye maelekezo.

Bila marefa: kila kitu kinategemea kuinua mkono. Mzunguko mmoja unaufanya mwenyewe majini. Usipoufanya na kamati ikakuona na hatia, timu inaongezewa pointi 6. Fikiria timu iliyomaliza 1, 2 na 6, ina 9, inashangilia. Pointi 6 zikiingia inakuwa 15, wapinzani wenye 12 wameshinda. Mzunguko mmoja usingefika huko. Kama ulikosea kuanza au kuzunguka kozi na timu ikafaidika, ni 10.

Msikilizane kwa adabu. Anayeprotesti aeleze kwanza, atumie vijiboti vya mfano au hata vifuniko vya soda juu ya meza, aonyeshe upepo unatoka wapi, umbali kwa urefu wa boti, nani alikuwa upepo gani. Ukisema "alinikaribia sana" hujasema kitu. Sema "alikuwa joshini, tumeshikana ubavu, nafasi kama nusu boti, nikageuza taratibu kuelekea upepo, hakujibu, omo yangu ikagusa tezi yake".

SHIDA ZINAZOTOKEA SANA

Nimepata kijani na nina hakika nilikuwa na haki. Basi, imeisha. Uamuzi wa refa au kutoamua kwake hakukatiwi rufaa wala huombi fidia. Baada ya mbio nenda taratibu, "samahani mwalimu, naomba kuelewa pale boya la pili mliona nini", marefa wengi wanafurahi kueleza. Ukienda umefura utaelezwa kidogo, na ukivuka mpaka ni utovu wa uanamichezo.

Mwenzangu alipaza sauti lakini sikuona bendera. Kama una hakika hujakosea endelea. Kama unajua umekosea, zunguka tu, wajibu wa kulipa hautokani na bendera ya mtu.

Nimeadhibiwa sikusikia nimeitwa mimi au yule. Mtazame refa, anakunyooshea mkono. Bado huelewi, uliza kwa sauti namba yako. Usiendelee kana kwamba hukusikia, kuikaidi penalti kunaleta mizunguko mingine au bendera nyeusi.

Kitu kimekatika kwenye boti ya waandaaji katikati ya mbio. Bendera nyekundu hiyo hiyo, ionyeshe mapema, na kama boti inaenda endelea kushindana. Ukiacha kabisa halafu ukaja kulalamika ufukweni kwamba kamba ilikatika, unakuwa umejifungia mlango.

Nimemaliza mbio, naweza kurudi kumzuia mpinzani ili mwenzangu apite? Hapana. Ukishamaliza hutakiwi kuingilia boti ambayo haijamaliza, ondoka eneo la mstari.

Mwenzangu ananielekeza kwa sauti majini, wapinzani wanasema ni msaada kutoka nje. Wa timu yako anaruhusiwa kukusaidia, kelele, ishara, vyovyote, alimradi hamtumii mawasiliano ya kielektroniki. Redio na simu ziacheni ufukweni.

Yeye ndo alinigonga na mimi nilikuwa na haki, mbona nimeambiwa nami nilitakiwa kukwepa? Ni kweli ulitakiwa, kama ilikuwa inawezekana. Ila mwenye haki haadhibiwi kwa kugusana kwa kawaida, anaingia hatiani kukiwa na uharibifu au mtu kuumia. Kwa hiyo ukiona kabisa huyu haniachii, kwepa kwanza, "Protest!" na bendera zinafuata. Kukwepa hakupunguzi protesti yako hata kidogo, refa anaelewa kwamba ulilazimika, na boti inabaki nzima kwa mbio inayofuata.